Ile Iliyobaki Katikati: Seli Inavyokosea Kugawa Kromosomu Zake

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa wanafunzi na wazazi wao. Nimeiandika kama nilivyoiongea, na waliponikatiza nimeacha hivyo hivyo.)

Habarini wote. Kabla sijasema chochote naomba taa za mbele zizimwe, nataka niwawekee video fupi, ni seli moja tu ya binadamu inagawanyika chini ya darubini, imeharakishwa, kitu kilichochukua kama saa nzima nyie mtakiona kwa sekunde 20. Kwa mtakaosoma badala ya kusikiliza, kromosomu, yaani vile vifurushi vya DNA vinavyobeba jeni zako, zimewekewa rangi inayong'aa kwa hiyo zinaonekana kama vijiti vyeupe gizani, mwanzo zimevurugika kama uzi uliochezewa na paka, afu taratibu zinajipanga mstari mmoja katikati, zinatulia hapo zikitetemeka kidogo, afu ghafla tu zinaachana, nusu huku nusu kule, seli inajibana kiunoni na zinakuwa mbili.

Nani kaona kosa?

Mkono mmoja tu. Haya sema mdogo wangu. "Kuna moja imebaki katikati." Safi sana. Rudisheni nyuma kidogo, simamisha hapo, mmeiona sasa? Wenzake wote wameshafika walikokuwa wanaenda, yenyewe iko pale pale kati, kama mtoto aliyeshikwa mikono miwili na watu wawili, mmoja anavuta huku mwingine kule. Hiyo ndo iliyonileta hapa leo.

Sasa watu wengi ukiwaambia seli imekosea kugawa kromosomu wanachofikiria ni kwamba kuna mlinzi alilala, yaani ule mfumo wa seli unaokagua kabla ya kuruhusu kromosomu ziachane. Hata mimi nilipoanza kusoma haya mambo nilifikiria hivyo, na vitabu vya shule havisaidii sana kwa sababu vinachora ile michoro safi ya hatua nne afu vinasema "wakati mwingine kromosomu zinashindwa kuachana" basi, wamemaliza, wamehamia ukurasa mwingine. Zinashindwaje? Nani kashindwa? Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kwenye seli za kawaida mara nyingi mlinzi alikuwa macho kabisa, kaangalia, kaona kila kitu kimeshikwa, karuhusu. Kosa lilikuwa mbele ya macho yake ila sio aina ya kosa analojua kuliona.

Tuanze na mzigo wenyewe. Una kromosomu 46, jozi 23, nusu za mama nusu za baba. Na hii 46 yenyewe ina kisa chake, tangu miaka ya 1920 vitabu viliandika 48 na watu waliokuwa wanahesabu kwa darubini nao walikuwa wanaziona 48, miaka zaidi ya 30 hivyo, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan kule Lund nchini Sweden wakatoa hesabu yao mwaka 1956 wakasema jamani ni 46. Nawapenda sana hao wawili kwa sababu kilichowasaidia ni kuzitandaza vizuri kromosomu zisilaliane na kuamini macho yao kuliko kitabu.

Kabla seli haijagawanyika inanakili DNA yake yote, na DNA ya seli moja ukiinyoosha ni kama mita 2, kwa hiyo kila kromosomu sasa ina pacha wake anayefanana naye kila kitu. Na hawa mapacha hawaachwi wazurure, wanafungwa pamoja. Kiswahili tuna msemo wa chanda na pete, watu wanaopendana tunasema wako kama chanda na pete, sasa hapa ni pete kweli, kuna protini inaitwa kohesini ina umbo la pete na inawazunguka mapacha wote wawili inawabana wawe kitu kimoja. Ikumbukeni hiyo pete maana nitairudia baadaye kwenye mambo ya mayai na huko ndo inauma.

Kwa nini wafungwe wakati mwisho wa siku wanatakiwa waachane? Swali zuri, na jibu lake ndo msingi wa kila kitu. Seli haina macho. Haijui kromosomu ipi ni pacha wa ipi, haina orodha, haina mtu wa kuita majina. Njia pekee iliyonayo ya kujua kwamba huyu ataenda kulia na mwenzie ataenda kushoto ni kuwavuta wote wawili wakiwa bado wamefungwa, na kuhisi kama kamba imekaza. Ni mchezo wa kuvuta kamba. Kamba ikikaza maana yake kuna watu pande zote mbili, ikilegea upande mmoja hauna mtu au wote wako upande mmoja. Pete isingekuwepo kamba isingekaza kamwe na seli isingejua chochote.

Wavutaji wenyewe ni nyuzi, zinaitwa mikrotubuli, zinatoka kwenye ncha mbili za seli, na mpangilio wote ule wa nyuzi unaitwa spindeli. Uzi unakua unaelekea popote, usipokutana na kitu unaporomoka na kurudi, unakua tena upande mwingine, yaani ni kama mtu anayepapasa ukutani usiku anatafuta swichi. Ukibahatika kugusa kromosomu pale kwenye kishikizo chake, kinaitwa kinetokori, unanasa. Kila pacha ana kinetokori yake, mgongo kwa mgongo na ya mwenzie. Na kwa binadamu kinetokori moja hainaswi na uzi mmoja, zinajazana nyuzi kama 15 mpaka 20. Hamira yenyewe uzi mmoja tu unatosha, na nadhani ndo maana hamira ina maisha rahisi kuliko sisi.

Mnaona tatizo linapoanzia? Jambo zima limejengwa juu ya kupapasa. Kwa hiyo makosa mwanzoni yanatokea kila mara, kwenye kila seli, hata seli zenye afya kabisa. Wakati mwingine pacha mmoja kanaswa mwenzie bado. Wakati mwingine wote wawili wamenaswa na ncha moja. Na wakati mwingine, hii ndo ile ya kwenye video, kinetokori moja ya pacha mmoja imenaswa na nyuzi za ncha zote mbili kwa mpigo, nyingi zimetoka upande wake sahihi na chache zimeingia kiujanja kutoka upande wa pili. Wataalamu hali hii wanaiita meroteli.

Zile mbili za kwanza seli inazimudu vizuri. Kuna mtu anaitwa Bruce Nicklas, Mmarekani, alikuwa anafanya kazi na seli za panzi zinazotengeneza mbegu za kiume, kazi ya mikono kweli kweli, alikuwa anachukua sindano ya kioo nyembamba kupita maelezo na kuiingiza kwenye seli hai akagusa kromosomu moja, akaivuta. Mwaka 1969 yeye na Carol Koch walionyesha kwamba ukiichukua kromosomu iliyonaswa vibaya, ambayo kwa kawaida ingejiachia yenyewe na kuanza upya, ukaivuta kwa sindano kuigizia ule mkazo, haijiachii tena! Inabaki na kosa lake kwa sababu imehisi mkazo na imeamini kila kitu kiko sawa. Mimi hilo jaribio nikilifikiria huwa nacheka peke yangu, kumbe seli inadanganyika kwa kitu kidogo hivyo.

Baadaye ikajulikana nani anafanya kazi ya kuachia. Kuna kimeng'enya kinaitwa Orora B, kinakaa katikati kabisa kati ya vile vishikizo viwili, na kazi yake ni kukata kata miunganiko. Kamba ikilegea vishikizo viko karibu nacho, kinavifikia, kinaachisha nyuzi. Kamba ikikaza vishikizo vinavutwa mbali nacho, na zile alama za kemikali ambazo Orora B inazibandika ili kuachisha nyuzi, zinaitwa phosphate, zinapata nafasi ya kuondolewa, muunganiko unadumu. Kwa hiyo msingi wake ni huu, usishike sana mpaka uwe na uhakika. Shika, achia, shika, achia, mpaka pande zote mbili zikaze.

Sasa mlinzi. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti walikuwa wanachezea hamira, wanaipa dawa inayoharibu spindeli. Hamira ya kawaida ikikosa spindeli inasimama na kusubiri. Wao wakatafuta zile zisizosubiri, zinazoendelea kugawanyika kama wehu mpaka zinakufa, na kundi moja likaziita jeni zake Mad, ambayo kwa Kiingereza pia ina maana ya kichaa, lingine likaziita Bub. Watu wa hamira ni wakorofi sana kwenye majina. Jeni hizo ndo zinatengeneza mlinzi, na sisi tunazo pia.

Anafanyaje kazi? Kila kinetokori ambayo haijanaswa na uzi inapiga kelele. Inabadilisha protini ya Mad2 kuwa kwenye umbo ambalo linaenda kuikamata nyingine inaitwa Cdc20, na Cdc20 ikikamatwa hakuna kinachoendelea, kwa sababu yenyewe ndo inayowasha mashine ya kuvunja pingu. Ni mnyororo kidogo nivumilieni: kuna mkasi unaitwa separesi, mkasi huo ndo unakata zile pete za kohesini, lakini umefungwa pingu inaitwa sekyurini. Kinetokori zote zikinyamaza, Cdc20 inaachiwa, pingu inavunjwa, mkasi unakata pete, mapacha wanaachana. Na kukata hakuna kurudi nyuma, pete ikishakatwa haigundishwi tena.

Na nikisema kinetokori moja inapiga kelele ni moja kweli. Mwaka 1995 Conly Rieder na wenzake walichukua seli za mnyama mmoja mdogo wa Australia jamii ya kangaruu, zinapendwa maabara kwa sababu kromosomu zake ni chache na kubwa, wakasubiri mpaka imebaki kinetokori moja tu ambayo haijanaswa, seli nzima imesimama inaisubiri hiyo moja, afu wakaipiga hiyo kinetokori kwa miale ya leza wakaiua. Kromosomu yenyewe bado haijashikwa vizuri lakini kelele imekatika. Haikupita muda mrefu, dakika kama 20 hivi, seli ikaendelea na safari.

Sasa unganisheni wenyewe. Mlinzi anasikiliza kelele za kinetokori isiyonaswa. Ile ya kwenye video, ile ya meroteli, imenaswa au haijanaswa?

Imenaswa. Imenaswa mno. Imenaswa na pande zote mbili. Kwa hiyo imenyamaza kimya. Na kamba je, imekaza? Imekaza, kwa sababu pacha wake anavutwa na upande mmoja na yenyewe inavutwa zaidi na upande wake, zile nyuzi chache za kiujanja hazitoshi kulegeza. Mlinzi anapita anasikiliza, kimya, Orora B inaonja mkazo, upo, basi ruksa, kata pete. Na ni pale tu mapacha wanapoanza kuondoka ndo inagundulika kwamba mmoja kashikwa mkono wa pili. Wenzake wanaenda, yeye kabaki katikati.

Ndo maana nasema mlinzi hakulala. Tena mtu ambaye mlinzi wake ameharibika kweli kweli ni nadra, kuna watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya mlinzi inayoitwa BUB1B, seli nyingi mwilini mwao zina hesabu tofauti tofauti za kromosomu na wanaugua sana. Na ukimuondoa mlinzi kabisa seli haiishi. Kwa hiyo hata seli za saratani, ambazo zina vurugu zote hizi, mlinzi wao kwa kawaida yupo na anafanya kazi.

Hapa kuna mtu kaniuliza, "sasa saratani inakosea vipi kama mlinzi yupo?" Nafurahi umeuliza maana nilitaka kulisahau.

Kwenye seli za kawaida zinazooteshwa maabara kosa linatokea kama mara moja kwa kila migawanyiko 100 hivi. Kwenye seli nyingi za saratani inaweza kuwa karibu kila mgawanyiko au kila migawanyiko michache. Watafiti walipochunguza wakakuta sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ung'ang'anizi. Nyuzi zimeshika mno, haziachii haraka inavyotakiwa, ule mchezo wa shika achia umepungua kasi, kwa hiyo makosa ya mwanzoni yanabaki mpaka mwisho. Na wakiongeza protini zinazolegeza nyuzi makosa yanapungua. Mimi hapa ndo kichwa kiliniuma mara ya kwanza, nilitegemea seli inayokosea iwe ndo imeshika kwa ulegevu, kumbe ni kinyume.

Ya pili ni ncha kuzidi. Zile ncha mbili za spindeli zinatengenezwa na vitu vinaitwa sentrosomu, seli ya kawaida inaingia kwenye mgawanyiko na mbili. Seli nyingi za saratani zinakuwa nazo tatu, nne, zaidi. Mwanzoni spindeli inakuwa na pembe tatu au nne, nyuzi zinatoka kila upande, halafu seli inajitahidi inazikusanya sentrosomu kwenye pembe mbili na kuonekana ya kawaida, lakini kwenye zile dakika za vurugu kinetokori zimeshanaswa na pembe zaidi ya moja. Pembe zinaunganika, meroteli zinabaki. Mwaka 2009 kundi la David Pellman kule Marekani walilifuatilia hili seli kwa seli wakalionyesha wazi.

Na kuna mzee mmoja alikaribia kuyasema haya kabla hata hatujajua DNA ni nini, Theodor Boveri wa Ujerumani. Yeye na mkewe Marcella walikuwa wanafanya kazi na yule mnyama wa baharini mwenye miiba pande zote, wale ambao ukimkanyaga unajuta. Mayai yake ukiyapa mbegu mbili badala ya moja yanapata sentrosomu za ziada, kwa hiyo yanagawanyika mara moja kwenda seli nne badala ya mbili, na kromosomu zinagawiwa ovyo ovyo. Mwaka 1902 Boveri akaeleza kwamba viumbe vinavyotokana na hapo vinaharibika kwa namna tofauti tofauti kutegemea kila seli imepata zipi, maana yake kila kromosomu ina kazi yake, haziwezi kubadilishana. Na mwaka 1914 akaandika kwamba huenda uvimbe wa saratani unaanzia kwenye seli iliyopata mgawo mbaya wa kromosomu. Mwaka uliofuata akafariki.

Turudi kwa yetu ya katikati, inaishia wapi? Hapa watu wanakosea sana hata walioko kwenye fani. Mara nyingi ile iliyochelewa inafika upande wake sahihi, kwa sababu nyuzi nyingi ziko upande sahihi, zinashinda. Kwa hesabu ya kromosomu unaweza kusema hakuna kosa, 46 na 46. Ila imechelewa. Wenzake wameshajifungia ndani ya kiini, ukuta umeshajengwa, yenyewe inajengewa kikibanda chake kidogo pembeni, kiini kidogo. Na ukuta wa hicho kibanda ni mbovu, unapasuka, unakilishaji wa DNA humo ndani unakwenda kombo, kromosomu inavunjika vipande vipande afu inaunganishwa upya bila mpangilio, vipande vingine vimegeuzwa vingine vimepotea. Mwaka 2011 watu waliosoma DNA za saratani waliona kromosomu nzima zilizosagwa na kugundishwa namna hiyo wakashangaa inakuwaje mabadiliko makumi hata mamia yatokee kwenye kromosomu moja tu na nyingine ziko salama. Miaka michache baadaye ikaonyeshwa kwamba hivi viini vidogo vinaweza kufanya hivyo. Yaani kuchelewa tu dakika kadhaa.

Haya sasa mama yule pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. "Na mimba zinazoharibika, ni hivi hivi?"

Hapana mama, sio hivi hivi, na asante kwa kuuliza. Hapo tunatoka kwenye mgawanyiko wa kawaida tunaingia kwenye mgawanyiko wa mayai na mbegu, meiosisi, ambapo 46 zinatakiwa ziwe 23. Na huko kuna tatizo lingine kabisa ambalo linaitwa muda.

Kumbukeni ile pete. Yai la mwanamke linaanza meiosisi kabla hata yeye hajazaliwa. Mtoto wa kike akiwa tumboni, wiki ya 20 hivi, ana mayai kama milioni 6 au 7, akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2, na yote yameshaanza safari afu yamesimama njiani. Kromosomu ya mama na ya baba zimekumbatiana, zimebadilishana vipande, zimefungwa na pete za kohesini, afu kila kitu kimesimama. Yai litakalochaguliwa miaka 15 baadaye litaendelea baada ya miaka 15. Litakalochaguliwa miaka 40 baadaye limezishikilia zile pete miaka 40.

Na pete hazibadilishwi. Hili lilijaribiwa kwa panya, watafiti walitengeneza pete zinazoweza kukatwa kwa amri, wakaangalia kama yai lililosubiri linaweza kuweka mpya zenye kufanya kazi, wakakuta haliweki. Zilizowekwa tangu tumboni ndo hizo hizo. Zinadondoka moja moja kwa miaka, na siku yai linapoamka, zile zilizotakiwa kuwa zimekumbatiana zimeshalegea, wakati mwingine zimeachana kabisa kabla ya wakati, na kromosomu isiyo na mwenzie inavutwa upande wowote ule. Kamba bila mtu wa upande wa pili.

Ongezea hapo kwamba yai la binadamu halina zile sentrosomu za kulisaidia kujenga spindeli, linaijenga lenyewe taratibu, inachukua kama saa 16, na katika muda huo spindeli yenyewe inayumba. Na mlinzi ndani ya yai ana kazi ngumu, yai ni kubwa mno, kelele ya kinetokori moja inapotea kama sauti ya mtu mmoja kwenye uwanja wa mpira. Kwa hiyo huko ndo kweli unaweza kusema mlinzi hasikii vizuri.

Ndo maana uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down, kromosomu namba 21 zikiwa tatu badala ya mbili, kwa mama wa miaka 25 ni kama mmoja kwa zaidi ya 1,000, miaka 35 ni kama mmoja kwa 350, miaka 40 ni kama mmoja kwa 100. Na kwenye karibu 9 kati ya 10 ya hao watoto ile ya ziada imetoka kwenye yai. Baba mbegu zake zinatengenezwa upya kila siku, zinakosea pia lakini hazikai miaka 40 zikisubiri.

Ilitangazwa mwaka 1959 Paris, hii ya 21 tatu. Aliyeotesha seli kwa mikono yake ni daktari kijana Marthe Gautier, majina kwenye karatasi yakawa Jérôme Lejeune wa kwanza, yeye wa pili na hata jina lake likakosewa herufi, afu Raymond Turpin. Napita tu.

Na mama, kwa swali lako lenyewe: mimba zinazoharibika miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu yake zina hesabu mbaya ya kromosomu. Kati ya zile zenye kromosomu tatu badala ya mbili, inayotokea zaidi ni ya namba 16, ambayo hamuisikii kwa sababu haizaliwi. Zinazoweza kuzaliwa ni chache, 21, 18, 13, na zile za X na Y. Kwa hiyo mtu akikuambia ulibeba ndoo nzito, sijui ulikula nini, ulikasirika, mwambie kwamba kwa mimba nyingi za namna hiyo kosa lilikuwepo kabla hata hujajua una mimba, na pete iliyolegea iliwekwa wewe ukiwa tumboni kwa mama yako. Hukuwa na sehemu ya kukosea hapo.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuongelea paklitakseli, dawa ya saratani iliyotoka kwenye magome ya mti, inazigandisha zile nyuzi zisiweze kukua na kuporomoka, na watu miaka mingi walisema inaua kwa kumfanya mlinzi asimamishe seli moja kwa moja, siku hizi ushahidi kutoka kwenye uvimbe wa wagonjwa wenyewe unaonyesha mara nyingi seli haisimami, inagawanyika kwa pembe nyingi na watoto wake wanakufa kwa mgawo mbovu. Yaani ni jaribio la Boveri limekuwa tiba. Lakini muda ndo huo.

Basi naomba kitu kimoja tu, taa zizimwe tena, turudie ile video. Safari hii msiangalie mwisho. Angalieni hapa, simamisha, sekunde ya 11, zimejipanga zote katikati, mstari umenyooka, hakuna iliyobaki nyuma, hakuna inayopiga kelele. Hapo ndo mlinzi anatoa ruhusa. Sasa nionyesheni kwa kidole ni ipi kati ya hizo.